Kupe Hawamaliziki Bustanini? Tafuta Kwanza Anayewaleta

Watu wengi wakiona kupe bustanini hukimbilia bomba la dawa. Wanapulizia nyasi zote, wanapumzika wiki mbili tatu, kisha kupe wanarudi na lawama yote inaiangukia dawa. Mara nyingi dawa haina kosa. Kupe haoti kwenye nyasi. Ameletwa na mnyama, akadondoka mahali fulani, na pale alipodondoka akapata kivuli na unyevu wa kumtosha. Ukishajua ni mnyama gani anayewaleta na ni kona ipi inayowahifadhi, kazi iliyobaki ni ndogo. Usipojua, utapulizia mwaka mzima na kuwaua nyuki bure.

Kwa hiyo fuata dalili. Ulipomkuta kupe, ukubwa wake na kama ameshiba damu au yuko bapa, hayo matatu yatakuambia chanzo kuliko chupa yoyote ya dawa.

Kabla ya yote: ni kupe kweli?

Kiroboto huruka ukimgusa. Kupe hana mbawa na haruki. Kunguni ana miguu sita na hujificha kitandani, hang'ang'anii mwilini. Utitiri wa kuku ni vumbi linalotembea, huonekana zaidi bandani kuliko kwenye nyasi. Kupe ni jamaa ya buibui: mzima na tunutu (kupe mchanga ambaye bado hajawa mzima) wana miguu minane, lava aliyetoka tu kwenye yai ana sita. Lava hafiki milimita moja, tunutu ana milimita moja hadi mbili, na mzima mwenye njaa ana milimita tatu hadi tano, bapa, mgumu kumponda kwa kidole. Jike aliyeshiba anafanana na mbegu ya mbono, na anaweza kuwa na uzito mara mia moja ya ule aliokuwa nao kabla ya kunyonya.

Wengi huamini kupe huanguka kutoka mitini kwa sababu wamemkuta nyuma ya sikio. Kwa kawaida amepanda kutoka chini. Alidaka kifundo cha mguu au goti, akatembea juu akitafuta ngozi laini, akaishia kwenye nywele. Kwa hiyo usianze kukata matawi ya juu. Tazama kilicho chini ya goti.

Kipimo cha kitambaa cheupe

Chukua kitambaa cheupe chenye manyoya, flaneli nzito au taulo, ukubwa wa kama mita moja kwa mita moja. Funga ncha moja kwenye fimbo, weka kamba, kisha kiburute polepole juu ya nyasi na pembeni mwa vichaka. Subiri umande ukauke, maana kitambaa kilicholoa hakishiki kitu. Kila baada ya mita kumi simama, kigeuze, kikague. Ukienda mbali bila kukagua, waliokamatwa watakuwa wameshaachia.

Inama utazame kwa makini. Kupe aliye kazini hupanda hadi ncha ya jani, hushika kwa miguu ya nyuma na kuinyoosha miwili ya mbele hewani, akiipungapunga. Kwenye miguu hiyo ya mbele ndiko kuliko na kiungo kinachonusa pumzi yako na kuhisi joto lako. Kitambaa kikipita, anakidaka kama ambavyo angedaka soksi. Juu ya weupe, tunutu huonekana kama chembe ya udongo, mpaka chembe hiyo ianze kutembea.

Pima kona kwa kona na uandike: chini ya ua, kando ya rundo la kuni, katikati ya nyasi fupi, njia ya kwenda bandani. Kutopata kitu siku moja si uthibitisho kwamba hakuna, kwani kitambaa hukamata sehemu tu ya waliopo na wengine huwa wameshuka chini kujiloweka kwenye unyevu. Rudia siku nyingine. Lakini ukipata kumi kwenye kona moja na sifuri kwingine kote, umeshajua pa kuanzia.

Dalili: umepulizia dawa, baada ya wiki chache wamejaa tena

Hili ndilo lalamiko ninalokutana nalo zaidi, na lina sababu kadhaa zinazofanana kwa nje.

Ya kwanza ni mayai. Kupe wengi wagumu, yaani wale wenye ngao mgongoni, hunyonya mara moja katika kila hatua ya maisha: lava hunyonya, huanguka, hujibadilisha kuwa tunutu, tunutu hunyonya, huanguka, huwa mzima. Jike mzima akishashiba hudondoka, hutambaa hadi mahali penye giza na unyevu, hutaga mayai kwa maelfu katika rundo moja, kisha hufa. Dawa nyingi za kupulizia haziyafanyi chochote mayai hayo. Siku ulipopulizia uliwaua waliokuwa juu ya nyasi. Wiki chache baadaye rundo limeanguliwa na unadhani ni walewale. Ndiyo maana lebo za dawa nyingi hutaja kurudia baada ya muda fulani. Fuata muda ule, si kumbukumbu yako.

Ya pili ni mahali ulipopulizia. Katikati ya nyasi zinazopigwa na jua kupe hukauka na kufa hata bila msaada wako. Wanaishi pembezoni: mita mbili tatu za mwisho kabla ya kichaka, chini ya majani makavu, kwenye matandazo mazito, nyuma ya ukuta wa mawe. Aliyemwaga dawa yote katikati na kuzigusa kingo kwa haraka amepoteza fedha na dawa. Mimi ningegeuza: pembezoni kwanza, na katikati pengine nisiguse kabisa.

Ya tatu ni kipimo. Dawa iliyochanganywa hafifu ili idumu haiui wote. Huwaacha wale wenye ukinzani waendelee kuzaliana. Kupe wa ng'ombe wameshaonyesha jambo hili sehemu nyingi duniani, hadi dawa zilizokuwa za kutegemewa zikawa kama maji. Pima kwa kikombe cha vipimo, usikadirie kwa kifuniko. Na mvua ikinyesha saa chache baada ya kupulizia, hesabu kwamba sehemu kubwa imeondoka.

Ya nne, na ndiyo ya maana kuliko zote, ni kwamba mnyama anayewaleta bado anapita. Uliua wa jana, yeye ameleta wa leo.

Dalili: ukipita mahali pamoja unatoka na vidoa vingi vidogo mguuni

Hao ni lava, na wako pamoja kwa sababu wametoka kwenye rundo moja la mayai na hawajasambaa. Ni habari mbaya kwa mguu wako lakini nzuri kwa uchunguzi, kwani inamaanisha jike mmoja aliyeshiba alidondoka palepale au jirani sana, wiki kadhaa hadi miezi michache iliyopita kutegemea joto. Jiulize ni mnyama gani alilala au kusimama hapo. Mbuzi wa jirani aliyefungwa kivulini? Mbwa anayejilaza chini ya mti huohuo kila mchana? Pengo kwenye ua ambalo wanyama wa porini hupitia usiku?

Walioko mguuni waondoe kwa selotepu kabla hawajang'ata: bandika, vuta, kunja, tupa. Mahali penyewe fyeka hadi chini, ondoa majani makavu yote uyatie kwenye mfuko uliofungwa, acha jua lipige. Hapa ndipo dawa kidogo iliyolengwa ina faida kubwa, kwa sababu unajua mita chache za mraba walipo. Usiwaache watoto wacheze hapo mpaka kitambaa kitoke kitupu mara mbili au tatu.

Dalili: kupe wanapanda ukutani, kwenye pazia, fremu ya mlango

Acha bustani. Huyu karibu kila mara ni kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, na ndiye kupe anayeweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba. Akishashiba kwa mbwa hutafuta ufa na hupenda kupanda: dari, nyuma ya ubao wa chini wa ukuta, mshono wa kochi, paa la kibanda cha mbwa. Mzima anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kunyonya, kwa hiyo kumhamisha mbwa mwezi mmoja hakusaidii.

Chanzo ni pale mbwa anapolala. Fua matandiko yake kwa maji ya moto, ziba nyufa, pita na mashine ya kufyonza vumbi kwenye pembe zote na utupe mfuko wake nje siku hiyohiyo. Kisha tibu mbwa wote wa nyumba kwa siku moja. Ukimtibu mmoja na kumwacha mwingine, yule mwingine ndiye atakayekuwa meza ya chakula. Kufyeka nyasi katika hali hii ni jasho lisilo na malipo.

Dalili: mbwa anapewa dawa na bado ana kupe

Usiseme "dawa haifanyi kazi" mpaka umemtazama kupe mwenyewe. Ukimkuta bapa, amekauka au anajikokota, dawa inafanya kazi. Vidonge vingi vya kisasa humuua kupe baada ya kung'ata, hivyo ni lazima umwone mwilini kwanza. Kinachoonekana hapo ni bustani au njia ya matembezi yenye kupe wengi. Lakini ukikuta majike walioshiba, wa mviringo, wazima kabisa, dawa imeshindwa. Ama uzito wa mbwa ulikadiriwa chini, ama muda wa dozi umepita, ama dawa ya matone ya mgongoni imeoshwa kwa sabuni mapema mno, ama kupe wa hapo wana ukinzani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akiwa na kupe wachache kwenye chupa ndogo ya spiriti.

Mkague kwenye masikio ndani, kati ya vidole, chini ya kola, kwapani, chini ya mkia. Na hili nalisema kwa uzito wote: dawa ya mbwa yenye permethrini humuua paka. Hata paka anayemlamba au kulala na mbwa aliyepakwa punde yuko hatarini. Amitrazi, dawa nyingine ya kupe, nayo si ya paka. Kama una wote wawili, mwambie daktari kabla ya kununua.

Dalili: nyasi ni fupi, safi, na bado wapo

Nyasi fupi husaidia sana, lakini hazitoshi. Kupe wengi hukauka upesi wakikosa unyevu, kwa hiyo tafuta palipobaki penye unyevu. Majani makavu yaliyofagiliwa yakarundikwa chini ya ua. Matandazo manene yaliyogusana na kichaka. Bomba linalovuja. Mmea unaotambaa uliofunika ardhi nzima kivulini.

Halafu tazama panya. Lava na tunutu wa aina nyingi hunyonya wanyama wadogo na ndege wa ardhini, kwa hiyo rundo la kuni, mawe, mabati ya zamani na chakula cha kuku kilichomwagika ni hoteli ya panya na kitalu cha kupe kwa pamoja. Inua kuni kutoka ardhini, zipange mahali pakavu penye jua, mbali na nyumba na pale watoto wanapochezea. Funga chakula cha mifugo kwenye ndoo zenye vifuniko. Nimeona bustani ambazo hazikuhitaji tone la dawa baada ya rundo la takataka kuondoka.

Mpakani mwa bustani na kichaka tandaza ukanda wa kokoto au vipande vikavu vya mbao, upana wa mita moja hivi. Ukanda huo hukauka juani na kupe hapendi kuuvuka, na wewe unapata mstari wa kukumbusha kila mtu kwamba ng'ambo ile ni lazima kujikagua. Usiweke matandazo yenye unyevu hapo. Utakuwa umewajengea daraja.

Kama mahali pako ni pakavu, ardhi tupu, na unaona kupe wakikukimbilia wakiwa na miguu yenye pete za rangi nyeupe, hiyo ni hadithi tofauti. Kupe wa jamii ya Hyalomma hawangoji jani. Hujificha chini ya kijiti au jiwe, wakihisi mnyama hutoka na kumfuata. Kufyeka hakuwagusi. Hapo kazi ni kwenye ua na kwenye mifugo inayopita, na viatu vilivyofungwa kila unapotoka.

Dalili: kuku wamepauka na kudhoofika, mchana huoni kitu

Ingia bandani usiku na tochi. Papasi wa kuku ni kupe laini, asiye na ngao mgongoni. Mchana hukaa kwenye nyufa za mbao, usiku hutoka, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi. Lava wake tu ndio hung'ang'ania kwa siku kadhaa, na utawaona chini ya mabawa kama madoa ya bluu iliyokolea. Pulizia nyufa, si kuku, kwa dawa iliyoandikwa kuwa inafaa banda la kuku. Badilisha vijiti vya kulalia vyenye magome kwa vilivyo laini na uzibe mashimo ukutani.

Papasi wa aina nyingine huishi sakafuni mwa udongo na kwenye mashimo ya panya, humuuma mtu usingizini na kuondoka kabla hajaamka. Homa inayokuja, inapoa siku chache, kisha inarudi, kwa mtu anayelala kwenye chumba kama hicho au stoo, ipelekwe hospitali na habari ya papasi itajwe.

Tiba za mdomoni mwa watu

Kuku na kanga hudonoa kupe wakubwa, ni kweli, na kama unafuga tayari waachie watembee. Lakini tunutu na lava ni wadogo mno, wengi huwapita, na hao ndio wanaompanda mtu bila kuonekana. Mimea yenye harufu kali kwenye kingo ni mizuri kwa macho. Mmea uliosimama hautoi mafuta ya kutosha kumfukuza kupe. Chumvi itaua udongo wako kwanza. Kuchoma nyasi huwaacha walio kwenye nyufa na udongoni, na moto hauna adabu. Unga wa diatomia, unaotokana na mabaki ya mwani wa kale, hufanya kazi ukiwa mkavu, ukilowa umekwisha, kwa hiyo unafaa bandani kuliko bustanini. Kuvu wa Metarhizium, ambaye humwambukiza kupe na kumuua, ni njia ninayoipenda pale inapopatikana, ila anahitaji siku kadhaa na unyevu, na hapendi jua kali.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipuliziwe kamwe kwenye mboga. Haikupimwa kwa chakula cha mezani, na hakuna siku za kusubiri zilizoandikwa kwa mchicha wako. Permethrini na ndugu zake pia huua nyuki na samaki. Pulizia jioni nyuki wakiwa wamelala, ruka maua, kaa mbali na bwawa na mfereji.

Dalili: kupe ameshang'ata

Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja juu kwa nguvu ya taratibu bila kumzungusha. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta ya taa wala mafuta mazito ya kujipaka. Unamchelewesha, na unaweza kumfanya acheue ndani ya kidonda. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kwa urahisi, kiache, ngozi itakisukuma. Osha kwa sabuni, mtie kupe kwenye spiriti, andika tarehe.

Haraka ina maana. Kwa ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria wanaobebwa na kupe, kupe kwa kawaida huhitaji kung'ang'ania zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, ingawa magonjwa mengine hayangoji hivyo. Ndani ya wiki chache zinazofuata, homa, maumivu makali ya kichwa, vipele au kigaga cheusi palipong'atwa vinakupeleka kwa daktari. Sema wazi kwamba uling'atwa na kupe, kwa sababu homa peke yake inafanana na homa nyingine nyingi.

Nguo za bustanini zikiwa kavu, dakika 10 kwenye mashine ya kukaushia yenye joto kali huua kupe waliomo. Maji baridi hayawaui, hutoka wakiwa wasafi tu. Huna mashine, fua kwa maji ya moto, na usizitundike nguo hizo chumbani kabla hazijafuliwa.

Dalili: umefanya yote, kitambaa bado kinawaleta

Rudi kwenye maandishi yako ya kona. Zikipungua zote isipokuwa ile ya mpakani, chanzo kiko ng'ambo, na mazungumzo na jirani yatafanya kazi kuliko bomba. Zikibaki zote vilevile, kuna mnyama hujamwona: tandaza mchanga laini kwenye mapengo ya ua jioni, asubuhi usome nyayo. Kama hujafahamu ni aina gani ya kupe, peleka waliomo kwenye spiriti kwa ofisa wa mifugo au mtaalamu wa wadudu kabla ya kununua dawa nyingine, kwa sababu anayengoja kwenye jani, anayepanda ukuta na anayekimbilia mguu hawatibiwi kwa njia moja.